Nta Haishiki Ekzosi

Nyumbani kwa Alois Lugembe, kila kilichovuja au kulegea kilitibiwa kwa nta ya nyuki. Ndoo ikitoboka, nta. Mpini wa jembe ukicheza, nta. Mlango wa banda la kuku ukilia, Alois alipaka nta kwenye bawaba, akaondoka anapiga mluzi. Nta haikuwa ya kununua. Mkewe, Josepha, alikuwa na mizinga msituni, ng'ambo ya korongo, na watu walitoka Tabora mjini kufuata asali yake. Alois aliringia asali hiyo utadhani yeye ndiye nyuki.

Kijiji chao kiko njia ya kwenda Sikonge. Mwaka huu upepo uliangusha mninga mkubwa, na Alois akapata kibali cha kijiji kuupasua mbao. Josepha alizingojea mbao hizo kwa hamu. Alitaka kutengeneza mizinga ya masanduku, aache ile ya magome yanayochunwa kwenye miti iliyo hai. Alois alikuwa na chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaotumia petroli. Aliinunua ikiwa imeshatumika. Ilikata vizuri, lakini ekzosi yake haikutulia.

Ekzosi ni kile kisanduku cha bati ubavuni mwa injini. Hutoa moshi na kupunguza kelele. Hushikwa kwa bolti. Kila Alois alipokata kidogo, bolti zililegea, kisanduku kikacheza, na moshi ukatokea pembeni. Alizikaza, zikalegea. Akazikaza tena, zikalegea tena. Mwishowe akafanya alichozoea. Alizipaka nta, akazirudisha na kuzikaza kwa nguvu zake zote.

"Sasa hazitoki mpaka kiama," alimwambia mkewe.

"Haya, Baba Leonia," Josepha alijibu. Alimjua mumewe.

Walikwenda msituni asubuhi. Majani yalikuwa makavu, maana mvua ilikuwa imekatika zamani. Alois aliwasha chenso, Josepha akawa anapanga mbao. Gogo lilikuwa halijafika nusu, bolti moja ikadondoka. Ekzosi ikaning'inia. Ulimi wa moto ukatoka ubavuni mwa injini, na majani yakashika.

Josepha alivua kitenge chake cha juu akaanza kupiga moto. Alois alivunja matawi mabichi. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenye korongo, na ng'ambo ya korongo ndiko ilikokuwa mizinga yote. Walipiga, walikanyaga, walimwaga mchanga. Moto ulipozimika, walikuwa weusi kama wachoma mkaa, na kitenge kimebaki nusu.

Josepha alikaa chini.

"Baba Leonia, chenso hii haiingii tena msituni mpaka ekzosi itulie. Mizinga ikiungua, hizo mbao za nini?"

Alois aliitia chenso begani. Aliogopa kweli.

Kesho yake alipanda basi na chenso yake hadi Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo. Hapo ndipo ilipo karakana ya Mwanajuma binti Mabruki. Anatengeneza chenso, pampu za maji na mashine za kusaga. Ufundi ni wa kwao. Baba yake alikuwa fundi, na inasemwa kwamba wazee wake walifua majembe enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita kwenda pwani.

"Habari za kazi, fundi."

"Njema, kaka. Karibu kiti. Mgonjwa ana nini?"

"Ekzosi inalegea. Nikikaza, inalegea."

Mwanajuma hakukimbilia spana. Kwanza alichomoa waya wa plagi, ili injini isije ikawaka kwa bahati mbaya. Kisha akaishika ekzosi, akaitikisa taratibu huku na huku. Alifungua bolti iliyobaki, akaisugua kwa kidole, akainusa.

"Umeweka nini humu?"

Alois alikuna kichwa. Alitamani kusema ni grisi. Lakini pua ya fundi ilikuwa imeshajua.

"Nta, fundi. Nta ya nyuki. Nyumbani inashika kila kitu."

Mwanajuma alicheka, ila si kicheko cha kumdhalilisha mtu. "Umefanya vyema kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa niambie, nta ukiiweka karibu na jiko inakuwaje?"

"Inayeyuka."

"Ekzosi ina moto kuliko jiko lako. Nta ikiyeyuka inateleza kama mafuta. Ulidhani umezifunga bolti, kumbe umezilainishia njia ya kutokea."

Alois aliguna. Tangu utoto alikuwa akiyeyusha nta sufuriani, na hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

"Basi uniwekee gundi ya bolti," alisema.

"Gundi ya kawaida nayo haiwezi joto la hapa. Tutafute kwanza kwa nini zinalegea. Tazama."

Alitoa ekzosi yote. Kati yake na injini palikuwa na gasketi, kile kibati chembamba cha kuziba nafasi. Ilikuwa imeungua na kupasuka.

"Gasketi ikipasuka, ekzosi haikai sawa. Moshi wa moto unapenya pembeni, chuma kinacheza, bolti zinafuata. Na injini yenyewe inatetemeka siku nzima. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Usipoipa bolti kitu cha kuizuia, itatoka tu."

Alois alisogeza kiti. Aliipenda namna mama huyu alivyofanya kazi. Kwanza alivuta kamba ya injini polepole mpaka pistoni ikaziba tundu la moshi, masizi yasidondokee ndani. Kisha akayakwangua masizi kwa kijiti. Alois alimuuliza kwa nini hatumii bisibisi.

"Hapa ni aluminiamu, ni laini. Bisibisi ingeacha mikwaruzo, na moshi ungepitia hapohapo."

Alifuta nta yote kwenye bolti na kwenye matundu, kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto wowote. Akaviacha vikauke. Akachungulia meno ya kila tundu, maana meno yakiliwa bolti haishiki tena, na hapo hulazimishi, unamwachia fundi ayachonge upya. Meno ya chenso ya Alois yalikuwa mazima. Aligundua pia kwamba wavu wa kuzuia cheche haupo. Aliyeiuza chenso alikuwa ameutupa.

"Bila wavu huu, unapanda moto msituni," alisema, akaweka mwingine.

Akaweka gasketi mpya, akairudisha bolti ya zamani, na badala ya iliyodondoka akaweka mpya ya urefu sahihi. Chini ya kila bolti akaweka washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, ambayo huisukuma bolti isirudi nyuma. Alikaza huku kidogo, akahamia kule kidogo, akarudi huku. Vidole vyake vilisimama mahali pa kusimama. Alois alikuwa amezoea kukaza mpaka mishipa ya shingo itoke, na alimwonea gere mtu ambaye mkono wake unajua kiasi. Alimwambia hivyo, na Mwanajuma akatabasamu kwa fahari.

"Nami nilishakata bolti za watu, kaka, kabla mkono haujajua. Sasa zifungue zote, uzifunge wewe."

Alois alizifunga huku fundi akimtazama. Wakairudishia plagi waya wake, wakaiwasha injini mpaka ikapata moto, wakaizima.

"Nikaze tena?" Alois aliuliza.

"Ingoje ipoe, mpaka mkono uweze kuigusa. Hapo ndipo unakaza mara ya mwisho. Na kila siku kabla ya kazi, tikisa ekzosi na ujaribu bolti. Ikicheza, usiwashe."

Alois aliporudi msituni, kwanza alifyeka majani yote kuzunguka gogo. Josepha alikuja na ndoo ya maji na matawi mabichi, akasimama palepale, macho kwenye ekzosi. Hakuondoka mpaka kazi ya siku ilipokwisha. Siku iliyofuata alikuja na ndoo tena. Alois hakununa. Aliijaribu bolti moja baada ya nyingine mbele yake, na chenso ilipopata moto sana aliizima, akaiacha ipoe, akazijaribu tena. Hazikusogea.

Gogo lilikaribia kwisha. Mbao zilikuwa zimepangwa vizuri, nyekundu na safi. Mchana mmoja Josepha alikuja amebeba chakula tu.

Alois alizima injini. "Mama Leonia, ndoo iko wapi?"

"Nyumbani. Nimelowekea maharage."

Alimwekea ugali na mlenda. Kisha akachagua ubao mmoja mpana, akaukalia, akampa mumewe na chenso yake mgongo, akatulia kutazama upande wa nyuki zake.

"Wewe kula, umalize kazi," alisema bila kugeuka.