Wako Yuko Kwangu, Njoo Umchukue

Mzee alikuwa amekunja ngumi, mpira umefungwa mkononi, sindano nimeishika, ndipo simu ikawaka juu ya meza ya maabara. Namba ngeni.

"Habari dada. Wako yuko kwangu tangu jana. Ameoga, amekula, amelala. Njoo umchukue."

Nikasoma. Nikasoma tena. Mzee akakohoa.

— Mama, mkono unakufa ganzi huku.

— Samahani mzee wangu. Tulia, nakuchoma sasa.

Mshipa sikuukosa, kazi ni kazi. Nikambandika pamba, nikaandika jina lake kwenye kichupa, nikamwambia aje mchana kuchukua majibu. Alipotoka tu nikafunga mlango kwa ufunguo.

Wangu nani? Mtu wangu alikuwa mmoja, mpima ardhi. Nyumbani tunamwita Mpima, na Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa tunafunga ndoa. Mume wangu wa kwanza alifariki mwanetu Kifungo akiwa bado anatambaa, na tangu hapo sikumruhusu mwanamume yeyote atundike shati lake kwangu. Mpima nilimchunguza sana. Aliyenimaliza ni Kifungo mwenyewe: siku moja tu, bila kufundishwa na mtu, akamwita Baba. Nikasema basi, huyu anaingia.

Na Mpima alikuwa amesafiri. Yuko porini, anapima viwanja, mtandao wa shida. Ndivyo alivyoniambia.

Wiki yenyewe ilianza vibaya. Mbwa wa Kifungo, anaitwa Meneja, alitoka getini akapotelea mbali. Tulibandika picha yake mtaa mzima, na namba tuliyoweka ni ya dada yangu, maana mimi kazini simu naishika kwa kuibia. Habari za mbwa zote zilikuwa zinakwenda kwa dada. Kwangu zilikuja za harusi tu.

Nikapiga ile namba ngeni.

— Halo! Afadhali umepiga, dada yangu. Huyu wako atanimaliza.

Sauti laini ya mwanamke, ya mtu mwenye furaha zake.

— Yuko hapo sasa hivi?

— Yuko kitandani. Nilimtandikia sebuleni, akanitazama kama namtania. Akapanda mwenyewe.

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

— Alifikaje kwako?

— Alijileta! Nasikia vishindo mlangoni, kufungua, huyo. Amelowa, anatetemeka, njaa imemkaba. Ningefanyaje? Nikamwogesha.

— Ukamwogesha.

— Kwa mikono yangu. Na anavyopenda kukunwa mgongo huyo! Ukiacha tu, anakulalia miguuni.

— Na namba yangu umeitoa wapi?

— Kwenye mkanda wake. Hakuwa na kingine mwilini, mkanda tu.

— Wewe mwanamke, huna haya?

— Haya ya nini tena? Nimesaidia! Ila fanya haraka, mume wangu anarudi jioni. Hataki kabisa mambo haya ndani ya nyumba.

— Kumbe na mume unaye!

Nikakata. Nikampigia Mpima. Akapokea upesi.

— Mama Kifungo! Jua la huku, we acha tu.

— Nimeongea na mwenye nyumba uliyolala.

Akashusha sauti.

— Nani?

— Mwenye kitanda. Kanitumia ujumbe mwenyewe. Umeoga, umekula, umelala. Anataka nije nikuchukue.

— Amekwambia... yeye mwenyewe?

— Kwa mdomo wake.

— Nilimkataza! Nilimwambia aniachie, nitakueleza taratibu Jumamosi ikishapita. Kaniaga anakwenda dukani, kumbe anakwenda kukupigia!

Nilikuwa nimejiandaa akane. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote ya kumjibu akikana.

— Kwa hiyo hukusafiri.

— Sikusafiri. Niko hapahapa mjini. Lakini nisikilize, mimi nakupenda wewe. Isingekuwa ile mimba ningeshamaliza naye zamani.

— Mimba.

— Hajakwambia hilo?

— Niambie wewe.



— Nilijua tu yule fundi ataropoka, akasema.

— Fundi gani?

— Fundi wako mwenyewe. Wa gauni.

Fundi wangu wa gauni la harusi! Aliyenizungushia futi kiunoni akiwa na pini mdomoni, akaniambia nimependeza! Lakini hapo hapo nikashtuka upya. Fundi namjua, ana sauti nzito kama ya mlinzi. Aliyeongea nami hakuwa yeye.

— Mpima, kwani wako wawili?

— Wawili wapi? Mmoja tu! Naapa, mmoja tu!

Simu ikalia sikioni, ujumbe unaingia. Ile namba ngeni, safari hii na picha. Kitanda, shuka la maua, na katikati ya shuka Meneja, kajinyoosha, ulimi nje, na mkanda wake mwekundu shingoni.

"Dada mbona umenikatia? Mbwa wako anabweka, majirani wameanza kulalamika."

Niliitazama ile picha mpaka macho yakauma. Mpima bado alikuwa anaapa.

— Nitakupigia, nikamwambia.

Sikumpigia.

Jioni nilimpitia Kifungo shuleni tukaenda. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa chekechea, mnene, mchangamfu, aproni imejaa manyoya. Alikuwa amefanya yote yanayotakiwa: kampa maji, kamfungia ndani asipotee tena, kaulizia majirani, na mwisho kaukagua mkanda ndani na nje. Namba ilikuwa upande wa ndani.

— Nani aliiandika? nikauliza.

— Mimi, akasema Kifungo. — Kwa kalamu yako ya kazini, ile isiyofutika.

Akakimbilia chumbani, tukasikia kitanda kinalia na mbwa anapiga kelele za furaha. Mwalimu akanigeukia.

— Ila dada, ulinitisha. Unaniuliza habari za haya na mume, kwa sauti ile! Mume wangu akisogelewa na manyoya anapiga chafya mpaka asubuhi, ndiyo maana nikakuharakisha.

— Nilidhani una mchumba wangu.

Akaziba mdomo. Akaanza kucheka, mabega yanaruka. Akaona mimi sicheki.

— Mungu wangu. Na mchumba yuko salama?

— Yuko kwa fundi wangu wa gauni. Ana mimba.

— Mchumba?

— Fundi.

Akaketi sakafuni, aproni na yote.

Tulipofika nyumbani Mpima alikuwa kwenye ngazi ya mlango wangu, na suti ya harusi mkononi ndani ya mfuko wake, sijui alidhani itamtetea. Kifungo akazunguka nyuma kumpa mbwa maji.

— Nimemuuliza fundi, akasema. — Hakukupigia. Basi aliyekupigia ni nani?

— Mwalimu mmoja. Alikuwa ameokota mbwa.

— Mbwa?

— Meneja. Ndiye aliyeoga, akala, akalala.

Nikamwona anayarudia mazungumzo yetu ya simu kichwani, neno kwa neno.

— Kwa hiyo hakuna mtu aliyekwambia habari zangu?

— Uliniambia wewe.

Akajipiga paji la uso.

— Ningenyamaza tu!

Nilikuwa na kahuruma kadogo kamebaki, nakiri. Hapo ndipo kalipoishia.

— Rudia ulichosema.

— Sina maana hiyo. Nasema tulikuwa tunakwenda vizuri, mama Kifungo. Wageni wanajua, ukumbi uko tayari. Hivi kweli tuvunje nyumba kwa sababu ya mbwa?

— Nyumba ipi? Hujawahi kulala humu hata siku moja, Mpima. Ungeingia Jumamosi, na mwanangu angekuita Baba huku unajua kuna mwingine anakuja kukuita hivyo hivyo mtaa wa pili.

Kifungo akatokea kona na Meneja.

— Baba! Meneja amerudi!

Kisha akatuangalia usoni, mmoja mmoja. Watoto huwadanganyi.

— Anaondoka? akaniuliza.

— Anaondoka.

— Kupima viwanja?

— Hapana. Anakwenda kwa mtoto wake. Bado hajazaliwa, lakini anakuja.

Kifungo akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. Yeye baba yake hamkumbuki hata sura.

— Basi aende, akasema. — Mtoto asizaliwe baba hayupo.

Mpima alilia palepale, suti imemlalia mkononi. Sikumfuta machozi. Nilimfungulia geti, na alipotoka nikalifunga kwa komeo, maana mbwa alishatutoroka mara moja.

Kifungo alipoingia kuoga nikafungua grupu la harusi. Dada yangu alikuwa bado anasambaza humo picha ya Meneja, akiwaomba wageni waalikwa wamtafute. Nikaandika:

"Ndugu na marafiki, asanteni kwa kututafutia. Mbwa amepatikana kwa mwalimu wa chekechea, mzima wa afya. Bwana harusi naye amepatikana, kwa fundi wa gauni. Mbwa tumemchukua."