Mizunguko Kumi na Mitatu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha hodi, Chapuchapu alifagia studio ya picha ya shangazi yake, akapangusa kioo cha kujitazamia, akavipanga viti viwili vya wateja, kisha akalitundika upya lile pazia la bluu ambalo lilianguka kila wiki. Shuleni alikuwa na jina jingine kabisa, lakini nani alilikumbuka? Alikula upesi, aliandika upesi, aliongea upesi hadi maneno yakagongana mdomoni. Shangazi ndiye aliyempa jina la Chapuchapu, na mtaa mzima ukalipokea kwa mikono miwili.

Siku hizo picha haikuonekana papo hapo kama kwenye simu. Ilikaa kwenye filamu, utepe mwembamba uliojiviringisha ndani ya kopo dogo la bati, na ilibidi isubiri mpaka isafishwe kwa dawa kwenye chumba cha giza. Mwanga ukiigusa kabla ya hapo, filamu imeungua, na picha zimekwenda na maji.

Kamera ya shangazi ilikuwa ya zamani, nzito, imechubuka pembeni. Ukichungulia kwenye kijidirisha chake, mtu mmoja alionekana kama wawili waliopishana kidogo. Ulizungusha pete ya lenzi taratibu mpaka wale wawili wakawa mmoja, ndipo ukapiga. Chapuchapu alipenda kuchungulia pale kuliko kula.

Lakini kazi yake hasa, ile aliyojivunia mbele ya wenzake, ilikuwa kurudisha filamu. Kila picha ilipopigwa, utepe ulitoka ndani ya kopo kidogo na kwenda kujiviringisha upande wa pili wa kamera. Ya thelathini na sita, ambayo ndiyo ya mwisho, ikishapigwa, utepe wote ulipaswa kurudi koponi kabla kamera haijafunguliwa. Ulibonyeza kitufe kilichokuwa chini ya kamera, ukakunjua kikono kidogo kilicholala juu upande wa kushoto, kisha ukakizungusha kufuata mshale.

"Zungusha huku unahesabu," shangazi alimfundisha. "Filamu hii huchukua mizunguko ishirini na minane hivi. Mwishoni utasikia inakaza, halafu inaachia, na kikono kinakuwa chepesi. Ongeza miwili, uniletee. Kufungua ni kazi ya nani?"

"Yako, Shangazi."

"Ya nani?"

"Yako peke yako."

"Haya. Mikono yako naiamini. Miguu yako ndiyo siiamini, maana muda wote iko uwanjani."

Jumamosi ile shangazi alikuwa amekwenda zahanati tangu asubuhi. Bibi Mkunga alikuwa anastaafu. Nusu ya watu wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, Chapuchapu na shangazi yake wakiwemo, na sasa mwanawe angekuja na gari saa kumi jioni kumchukua akaishi naye mji wa mbali. Miaka yote hiyo ya kazi hakuwahi kupigwa picha hata moja akiwa na sare yake. Watu walijitokeza kwa wingi kupiga naye picha, na filamu nzima ikaisha.

Shangazi alirudi saa saba, jasho linamtiririka, akakuta mteja anamsubiri mlangoni. Akamkabidhi Chapuchapu kamera.

"Irudishe hii filamu, mwanangu. Taratibu. Hizi si picha za kitambulisho."

Chapuchapu akaketi kwenye meza ya nyuma, karibu na dirisha. Akabonyeza kitufe, akakunjua kikono, akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa amefika kumi na tatu pale kichwa kirefu kilipochomoza dirishani. Alikuwa rafiki yake Twiga, mlinzi wa goli wa timu yao ya mpira wa pete.

"Wewe! Wameshaanza kupanga timu. Usipokuja sasa hivi nafasi yako anapewa mwingine."

"Nakuja, nakuja!"

Akageuka kumjibu, na kikono kikamponyoka kidoleni, kikazunguka kivyake kurudi nyuma. Alipokishika tena kilikuwa chepesi. Imeachia, akajiambia, basi imeisha. Na kwa kuwa shangazi alikuwa anamchana mteja nywele upande wa pili wa pazia, akaona amalizie yeye mwenyewe, atoe kopo, aliweke mezani, aende zake. Akafungua mgongo wa kamera.

Utepe ulikuwa pale pale, umetandazwa katikati ya kamera, unang'aa kwenye mwanga wa dirisha.

Aliufunga mgongo papo hapo. Akakizungusha kikono tena, safari hii mpaka mwisho, mpaka ikakaza kweli na kuachia kweli.

"Umefanya nini?" Twiga akanong'ona.

"Nimeifungua kabla haijaisha."

"Eh! Usimwambie. Picha zikiharibika, sema filamu ilikuwa mbovu. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Shangazi alipokuja na kufungua kamera, kopo lilikuwa kama makopo mengine yote. Alilipuliza vumbi, akaliweka kwenye droo.

"Nitaisafisha kesho, nikishapumzika. Ilizunguka vizuri?"

"Vizuri, Shangazi."

"Mizunguko mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Ndiyo maana nakupenda," shangazi akasema, akamfinya shavu. "Haya nenda, kabla miguu haijatangulia peke yake."

Kwa kawaida kufinywa shavu kungemfanya acheke. Siku ile lilimchoma njia nzima mpaka uwanjani.

Alicheza vibaya sana. Alidaka mpira akasahau kuurusha, akampa adui pasi mbili nzuri, na Twiga akashika kiuno akimtazama bila kuamini. Mechi ilikuwa haijafika nusu pale Bibi Mkunga alipopita kando ya uwanja, amebeba kikapu, anaaga nyumba kwa nyumba. Bado alikuwa amevaa sare yake nyeupe, kana kwamba anaona uchungu kuivua. Chapuchapu akatoka uwanjani kumsalimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shangazi yako leo kanipiga picha mpaka macho yanaona nyota." Bibi Mkunga akacheka, akakitua kikapu. "Iko moja naingoja kuliko zote. Ile niliyosimama na fundi cherehani, binti yake, na mjukuu wake mchanga. Wote watatu waliingia duniani kwa mikono hii. Bibi, mama, na mtoto. Huko ninakokwenda hakuna anayenijua. Nitaitundika ukutani, niwaambie, oneni, nilikuwa na kazi."

Bibi Mkunga akampapasa kichwa, akaendelea na safari yake.

Hakujua picha gani imeungua. Pengine ni hiyo, pengine siyo, pengine zote thelathini na sita. Alijua jambo moja tu, kwamba saa kumi gari likishaondoka, hakutakuwa na nafasi ya kumpiga picha tena. Aliitazama saa ya ukutani kwenye duka la jirani. Ilikuwa saa nane na nusu.

Alikimbia. Twiga alimwita, hakugeuka.

Alimkuta shangazi amevua viatu, ameweka miguu juu ya kiti. Hakungoja hata kuvuta pumzi, maana alijijua, akingoja angenyamaza.

"Shangazi, nimekudanganya. Nilifungua kamera filamu haijaisha. Niliufunga mgongo haraka, nikamalizia kuzungusha, nikasema ishirini na minane. Si kweli." Machozi yakaanza kumtoka. "Picha za Bibi Mkunga zimeungua, na anaondoka leo."

Shangazi alishusha miguu chini.

"Futa machozi kwanza, hayasafishi filamu," akasema. "Sasa nisikilize, na unijibu kwa ukweli mtupu. Ulizungusha mara ngapi kabla ya kufungua?"

"Kumi na tatu. Halafu kikono kikaniponyoka, nikadhani imeachia."

"Una hakika? Si kumi, si kumi na nane?"

"Kumi na tatu, Shangazi. Nilipofika hapo ndipo Twiga alipoita."

"Uliacha wazi muda gani?"

"Nilifungua nikafunga. Kama kupepesa jicho."

Shangazi akatoa daftari lake la picha, lile aliloandika kila picha ni ya nani kwa namba, akachukua na penseli.

"Sogea hapa uone. Filamu ikirudi, picha ya mwisho ndiyo inayotangulia kuingia koponi. Kwa mizunguko kumi na mitatu, kama kumi na sita za mwisho zilikuwa zimeshaingia. Hizo ziko salama. Zilizobaki nje ni ya kwanza mpaka ya ishirini. Lakini hazikukaa hovyo, zilikuwa zimejiviringisha, za nje zimezifunika za ndani kama watoto kwenye blanketi moja. Za mwanzo zilifunikwa na wenzao. Zilizopigwa na mwanga ni hizi za juu." Akachora mstari kwenye daftari. "Kumi na nne mpaka ishirini. Picha saba."

"Ni za nani?"

Shangazi akasoma. Bibi Mkunga na mfagizi wa zahanati, picha mbili. Bibi Mkunga akimpima mjukuu wa fundi cherehani kwenye mizani, mbili. Bibi Mkunga na fundi cherehani, binti na mjukuu, tatu.

Chapuchapu akajishika kichwa.

"Hakuna muda wa kujishika kichwa," shangazi akasema, akivaa viatu. "Ungeng'ang'ania ishirini na minane yako, nisingejua hata pa kuanzia. Sasa najua nani wa kumtafuta. Kamwite mfagizi, kisha fundi cherehani na watu wake, nikutane nanyi zahanati, ndiko gari litakakomchukulia Bibi. Na leo, mwanangu, nenda chapuchapu."

Alikwenda. Mfagizi alikuwa anafua, akaja na povu kwenye viwiko. Fundi cherehani alikataa kuiacha nguo nusu, akaja nayo begani, sindano ikining'inia. Binti yake alikuwa ndiyo kwanza amemlaza mtoto, akamfunga mgongoni hivyo hivyo. Kila mmoja aliuliza kulikoni, na kwa kila mmoja Chapuchapu alilazimika kusema tena, "Ni mimi, niliharibu picha zenu." Mara ya tatu ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya kwanza.

Kumwambia Bibi Mkunga ndiko kulikokuwa kugumu. Walimkuta kwenye ukumbi wa zahanati, anafunga kamba sanduku lake la mwisho. Chapuchapu alisimama mbele yake, akaeleza yote, mpaka ule uongo wa ishirini na minane.

Midomo ikamcheza Bibi Mkunga kama anayezuia kicheko.

"Hata siku ya kuzaliwa ulikuwa hivi hivi," akasema. "Sijavaa hata glavu, huyooo, umeshatoka! Nikamwambia mama yako, huyu tutamkimbiza maisha yote." Watu wote wakaangua kicheko, na Chapuchapu akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. "Njoo hapa. Umekuja kuniambia nikiwa bado nipo. Ungenifuata kwa barua ningekulaumu."

Shangazi alikuwa ameshaweka filamu mpya. Akaisogeza mpaka mahali pa picha ya kwanza, akatazama kile kikono cha kurudishia kikizunguka chenyewe, dalili kwamba filamu imeshika. Kisha akapiga. Asubuhi yule mtoto mchanga alikuwa amelia picha zote tatu, uso umejikunja kama ngumi. Sasa alilala fofofo mikononi mwa Bibi Mkunga, mama yake kushoto, bibi yake kulia na nguo yake ya nusu begani. Dakika ishirini kabla ya saa kumi walikuwa wamemaliza. Gari lilipofika, Bibi Mkunga alipanda bila kuvua sare.

Jumatatu baada ya shule shangazi alimwita Chapuchapu mezani. Filamu zote mbili zilikuwa zimesafishwa na kukauka. Kwenye ile ya kwanza, picha ya kumi na nne mpaka ya ishirini palikuwa peusi tititi, hakuna hata sura moja. Kabla na baada ya hapo, Bibi Mkunga alikuwepo, wazi, na meno yake yote. Kwenye ile ya pili, mtoto mchanga alikuwa bado amelala.

"Ulipoifungua kamera uliharibu picha saba," shangazi akasema. "Hilo lilikuwa kosa la haraka, na kosa linarekebishika mtu akijua lilipo. Lakini uliponiambia ishirini na minane, ulinificha lilipo. Huo uongo wako ulikuwa mbaya kuliko mwanga, kwa sababu ungemruhusu Bibi aondoke mikono mitupu huku sote tunacheka. Ukaja ukasema kumi na tatu, tukawahi."

"Sitakosea tena, Shangazi."

"Utakosea. Mimi mwenyewe nimeunguza filamu ngapi! Sikuombi usikosee, mwanangu. Nakuomba unapokosea uje uniambie mapema, na uniambie ilivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza."

Chapuchapu akaitikia kwa kichwa. Kisha akaichukua ile picha ambayo shangazi alikuwa ameshaichapisha kwenye karatasi, ya watu wanne, bibi, mama, mtoto na mkunga, akaitia kwenye bahasha, na kuandika anwani ya Bibi Mkunga polepole, herufi moja baada ya nyingine, mpaka ikasomeka.