Mguu Juu ya Klachi

Fundi alipofungua mlango wa kibasi asubuhi ile, aliikuta pedali ya klachi imelala sakafuni. Hakuna kitu kilichoikandamiza. Aliinama kuigusa, na kabla kidole chake hakijafika, ikapanda juu taratibu, kama mtu anayeondoa mguu wake kwa adabu kumpisha mgeni.

Alijiambia ni springi. Kazi aliyorithi kwa baba yake ilikuwa imemzoesha kuishuku springi kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Kibasi kilikuwa cha mzee mmoja, mpiga picha aliyestaafu. Gari la kizamani lenye uso wa duara, injini yake iko nyuma, na ndani mna kitanda, jiko dogo na pazia la maua. Mzee na mkewe walikuwa wamezunguka nalo nusu ya maisha yao. Tangu mke afariki, lilikaa chini ya turubai. Sasa mzee alitaka kurudi barabarani, na tatizo alilolileta lilikuwa la kawaida kabisa: kwenye mlima injini inalia kwa nguvu zote, gari lenyewe halisogei.

"Klachi inateleza," Fundi alimwambia. "Ama waya umekaza, ama sahani imekwisha."

"Nitengenezee, mwanangu. Haraka sina, ila muda nao sina."

Alianza na lililo rahisi. Pedali ya klachi lazima iwe na mchezo kidogo, nafasi ya kushuka bure, kabla haijaanza kuvuta waya. Hii haikuwa na mchezo hata chembe, kama ya dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu yake safari nzima. Fundi akalala chini ya gari, akalegeza nati ya waya kule nyuma, akapima mchezo kwa vidole viwili. Safi. Kesho yake asubuhi mchezo ulikuwa umetoweka. Akalegeza tena, ukatoweka tena.

"Labda vidole ndivyo vimezeeka, dada," alisema mdogo wake. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na walimwita Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza hata akiwa mdomo wazi kwa daktari wa meno.

Wakashusha injini. Fundi akaitoa sahani ya klachi, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Ilikuwa nene, kavu, haina tone la oili. Beringi ilizunguka bila mlio. Hakukuwa na cha kubadilisha.

"Hii ni nzima kuliko ya gari langu," Kimya alisema. "Sasa mbona inanuka?"

Ni kweli palinuka klachi iliyoungua. Lakini Fundi alipoileta sahani puani, haikunuka chochote. Harufu ilitoka mbele, kwenye viti, na kila alivyoisogelea ikachanganyika na harufu nyingine nyepesi, ya poda ya mwili, ile wanayojipaka wanawake wakitoka kuoga. Alifungua milango yote, upepo upite. Hakumwambia mtu.

Injini ilipandishwa tena mchana ule. Fundi akajilaza chini kwenye kipande chake cha boksi, macho kwenye mkono wa klachi, ule unaovutwa na waya.

"Kanyaga," alisema.

Mkono ukavutika.

"Achia."

Ukarudi.

"Kanyaga tena, halafu shikilia hapohapo, usiachie."

Ukavutika, ukatulia. Fundi akaingiza spana, akaanza kukaza nati, akiwa ameridhika kwa mara ya kwanza tangu gari lile liingie gereji, kwa sababu mguu ule juu ulikuwa mtulivu, hautetemi wala haulegei kama siku zote Kimya anapokanyaga, hadi agombezwe.

"Dada, unaongea na nani?"

Sauti ya Kimya ilitoka getini. Fundi aligeuza shingo, akaviona viatu vya mdogo wake vikija kutoka barabarani, taratibu, pamoja na kivuli cha mfuko wa mikate aliokuwa ameubeba, na akaelewa kwamba mdogo wake hakuwemo garini, hakuwa amekuwemo tangu mwanzo, na kwamba mkono wa klachi mbele ya uso wake ulikuwa bado umevutika, umeshikiliwa vilevile kama alivyoagiza, na juu yake, upande wa pili wa bati jembamba, kiti cha dereva kilikuwa kikilia polepole kama kinavyolia kiti mtu anapokiegemea vizuri.

Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, ikauliza: "Niachie?"

Kimya alimshika dada yake miguu, akamvuta nje. Hakusema neno hadi jua likazama.

Mzee aliitwa. Fundi alimweleza kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba kazi imemshinda. Mzee alisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi, na alichokifanya ndicho kilichomtisha Fundi kuliko ile sauti. Alitabasamu.

"Alikuwa anaogopa miteremko," alisema. "Amekaa kiti cha abiria, anakanyaga sakafu. Nilikuwa namtania, nitakununulia pedali zako mwenyewe." Akafuta macho kwa kiganja. "Basi amezipata. Msimguse, tafadhali."

"Mzee, mimi sijui ni nani yule."

"Mimi namjua."

Fundi alimwomba kitu kimoja tu, amruhusu shangazi yake aje. Shangazi alikuwa akiwasomea dua watu waliosumbuliwa na mashetani, na hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuja na shuka lake la mabegani na chupa ya maji, akaingia kibasini kama anayeingia chumba cha mgonjwa, akakaa juu ya kitanda. Mzee alikaa kiti cha mbele. Fundi alisimama mlangoni, Kimya nyuma yake, amemshika mkanda.

Shangazi alisoma dua zake kwa sauti ya chini. Harufu ya poda ikajaa.

"Nani mwenye gari hili?" aliuliza.

"Mimi na mume wangu." Sauti ilitoka nyuma ya pazia la maua, na pazia halikutikisika.

Mzee akaligeukia pazia.

"Mumeo ulimwitaje mkiwa wawili?"

"Bwana Taratibu."

"Ndiyo," mzee alinong'ona. "Ni yeye."

Shangazi akamgeukia mzee, akamwuliza kwa upole: "Kaka, kuna jambo mnalolijua nyie wawili ambalo hamjawahi kulitamka humu ndani?"

"Tulizaa mara moja," mzee alisema. "Alikufa akiwa mdogo. Gari tulinunua baadaye, ili tuondoke kwenye ile nyumba. Tuliahidiana jina lake tusilitaje tena."

"Mama," Shangazi aliliambia pazia, "mwanao alikuwa anaitwa nani?"

Ndege waliokuwa wakipiga kelele juu ya bati la gereji walinyamaza. Harufu ya poda ikaanza kuchacha, ikawa nzito, ikawa harufu ya kitu kilichofungiwa unyevuni, na ndani ya ukimya ule wakasikia pumzi, si ya mwanamke, ndefu mno kwa kifua cha binadamu, ikivutwa na kuvutwa na kuvutwa bila kutolewa, mpaka Fundi akajikuta naye amebana yake na kifua kinamuuma.

"Mume wangu," ilisema sauti, tamu kupita kiasi. "Hebu nikumbushe. Alikuwa anaitwa nani?"

Mzee alifungua mdomo. Shangazi alimrukia, akamziba kwa kiganja, na wote wakamtoa nje wakimbeba.

"Si mkeo," Shangazi alimwambia uwanjani, akihema. "Kuna kitu kimekaa humo kikisikiliza. Kila mlichoongea, kimekiokota. Kesho nitakuja na wenzangu, peke yangu sikiwezi. Usikipe hilo jina, kaka yangu. Ulichonacho ambacho chenyewe hakina ni hicho tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza kitu, na Fundi hakuupenda utulivu ule. Kabla ya kufunga gereji alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja. Aliufungua waya wa klachi, akauchomoa wote kwenye bomba lake, akaondoka nao nyumbani. Bila waya, pedali ni kipande cha chuma tu. Gia haiingii injini ikiwaka, na gari haliendi popote.

Asubuhi alifika na waya umezungushwa begani. Geti lilikuwa wazi. Mzee alikuwa ameketi kwenye usukani, amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, gari hilo halina klachi. Shuka, tumsubiri shangazi."

"Najua kuwa si yeye," mzee alisema, kana kwamba hakusikia. "Nimelijua tangu jana. Lakini nyumbani, mwanangu, hakuna hata anayejifanya kuwa yeye."

Akaufunga mlango. Fundi aligonga kioo, akagonga tena. Ndani, mzee aligeukia pazia, na midomo yake ikatamka neno moja fupi. Nyuma ya pazia mwanamke alicheka kwa furaha. Kisha sauti ya pili, ya mtoto mdogo, ikaitika: "Abee, baba."

Injini ikawaka. Fundi alibaki na waya mikononi, akijiambia, haliendi, haliwezi kwenda. Gia ya kwanza iliingia bila kukwaruza. Kibasi kikatoka getini, na waya ukavutika mikononi mwake, ukakaza, ukalegea. Barabarani ikaingia ya pili, na waya ukavutika tena. Alitaka kuutupa na vidole vikakataa. Kibasi kilikata kona kwenye mteremko, hakionekani tena, hakisikiki tena, na bado waya ule ulikuwa ukivutwa, kwa upole, na mguu mdogo kuliko ule wa kwanza.