Kasoro za Nyumba ya Bi Biubwa

Ilianza Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1952, saa kumi na mbili kasorobo jioni. Swaumu binti Mwinyimadi alikuwa anatoka dukani, chupa ya mafuta ya taa mkononi, akamkuta mtu amesimama barabarani mbele ya nyumba yao pale Kisarawe. Anaitazama nyumba kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Kanzu safi. Kofia safi. Viatu havina hata chembe ya vumbi, na barabara ile ya kwenda Maneromango ilikuwa vumbi tupu.

"Shikamoo," Swaumu alisema.

Mtu yule hakuitikia. "Nimesikia mnauza. Naitwa Pazi. Natoka Mbwawa."

Moyo wa Swaumu uliruka. Miezi sita walikuwa wanatafuta mnunuzi. Mama yake, Bi Biubwa, alipigwa na kiharusi mwaka uliopita, na kumgeuza kitandani kulihitaji watu wawili. Swaumu alikuwa mmoja. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kutoa vidonda. Kaka yake Twalibu, aliyefanya kazi shamba la mkonge karibu na Misugusugu, alishawaandalia chumba. Lililobaki ni nyumba kupata mtu.

"Karibu ndani, uone vyumba."

Hakusogea. "Ndani hapana neno. Kasoro ziko nje." Akanyoosha kidole. "Nguzo mbili za pembeni, zinazotazama barabara. Zimeliwa na mchwa. Chimbua mpaka chini, weka mpya. Kisha tutaandikishana mbele ya Jumbe."

Alipoondoka, Swaumu alizigonga zile nguzo kwa jiwe. Zilikuwa ngumu kama chuma. Akameza hasira, akaandika kwenye daftari: nguzo mbili, mbele.

Fundi Adamu, jirani yao, alichimba Jumatatu. Chini ya kila nguzo alitoa kichupa cha buluu kilichofungwa kwa kitambaa cheusi. Alikiweka chini haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Mwalimu, hili ni fingo. Babu yako alilizika kuilinda nyumba. Nalirudisha."

"Ulirudishe, halafu mnunuzi aseme hatukuchimba mpaka chini?"

Swaumu alikuwa amesoma hadi chuo cha ualimu, na vitu vyake vyote vilikuwa na mpangilio, hata takataka. Alivipanga vile vichupa kwenye sinia, akaandika kwa chaki kila kimoja kilikotoka.

"Vitu vya baba mkwe hivyo," mama alisema kutoka kitandani. "Vina kazi yake."

"Kazi gani, mama?"

"Ningejua, ningekuwa nimelala hapa?"

Alhamisi ya pili, saa ileile, Bwana Pazi alikuja. Safari hii alisimama uwanjani.

"Nguzo za nyuma," alisema.

"Wiki iliyopita hukuzitaja."

"Wiki iliyopita sikuwa nimefika hapa."

Swaumu aliandika mpaka ncha ya kalamu ikatoboa karatasi. Adamu akachimba. Vichupa viwili vingine.

"Mnunuzi gani huyo," mama alinung'unika, "haombi hata maji ya kunywa?"

Alhamisi ya tatu, Swaumu alimkuta barazani. Alikuwa anagonga ukuta kwa konzi ya kidole.

Ngo... ngo... ngo...

Hewa ilinuka udongo mbichi, udongo wa chini sana, ambao haujawahi kuona jua. Bwana Pazi aliinama, akaweka sikio ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipokuwa kitanda cha mama.

"Anageuzwa mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

Swaumu hakukumbuka kumwambia habari za mama. Hata kidogo.

"Kizingiti," Bwana Pazi aliendelea. "Kimepasuka. King'oe, weka saruji. Hilo ni la mwisho."

"Bwana Pazi, nyumba hii ina miaka arobaini. Ukitaka mpya, si ujenge?"

"Mimi sijengi," alisema taratibu. "Mimi nakaa."

Angemfukuza. Aliapa kumfukuza. Lakini usiku ule, alipombadilishia mama shuka, aliona kidonda kimoja kimefika kwenye mfupa. Jumanne kizingiti kikang'olewa. Kichupa cha tano kilikuwa kizito kuliko vyote.

Alhamisi ya nne, tarehe 4 Septemba. Saa kumi na mbili kasorobo. Swaumu alikuwa uani, anakoroga uji wa mama, moshi umemjaa machoni, mawazo yote kwenye uji usishike chini.

Mbele ya nyumba, mtu akaita.

"Hodi."

Wiki zote zile, Bwana Pazi hakuwahi kupiga hodi. Swaumu alilikumbuka hilo baadaye. Wakati ule alijibu tu, kama alivyofunzwa tangu ana miaka mitatu.

"Karibu."

Kisha harufu. Udongo mbichi ukafunika harufu ya uji, ukafunika moshi.

Ngo... Chumba cha kwanza.

Ngo... Cha pili.

Halafu sauti ya mama, ndogo, ya mtu anayetoka usingizini.

"Swaumu... nani huyu ananigeuza?"

Mwiko ulianguka. Swaumu hakukumbuka kukimbia. Alikumbuka sinia, na mkono wake ukipapasa kichupa cha tano. Chumbani hamkuwa na mtu. Mama alikuwa amelalia ubavu, ameelekezwa ukutani vizuri kabisa, kama maiti anavyoelekezwa kibla. Swaumu alimkumbatia, akakibana kichupa kati ya vifua vyao viwili.

Giza la kando ya kitanda likarudi nyuma. Hatua moja. Mbili. Mlangoni likasimama.

"Hapa pana kasoro," sauti ilisema, bila haraka. "Itengenezwe."

Usiku kucha konzi ilizunguka vyumbani. Ngo... ngo... Swaumu hakukiachia kichupa.

Asubuhi ya Ijumaa, jua lilipochomoza, alimwita Adamu dirishani. Wakambeba mama kwa mkeka, wakapitia mlango wa uani hadi chini ya paa la jikoni kwa Adamu. Kisha Swaumu alichukua jembe mwenyewe. Alianza nguzo za mbele, akaenda za nyuma, kila kichupa mahali pake kama chaki ilivyosema. Mwisho akaipasua saruji ya kizingiti kwa mtaimbo. Viganja vilitoka damu. Akakizika cha tano, akashindilia udongo.

Adamu alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta jasho. "Lakini mwalimu, huyo mtu alishatoka?"

"Sikumwona akitoka."

"Sasa..."

Hakumaliza. Ndani ya nyumba konzi iligonga mlango, kwa upande wa ndani. Mara tatu, kwa adabu.

"Hodi."

Fundi Adamu alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Alifungua kinywa aitikie.

Swaumu, ambaye maishani mwake hajawahi kumgusa mwanamume asiye ndugu yake, akamziba mdomo kwa kiganja chenye udongo, akakaza.