Pikapu ya Katikati

Saa saba mchana, ngazi za jengo la mafundi hazipandiki wala hazishukiki. Kila ghorofa ina redio zake, kila fundi anajaribu spika kana kwamba ana ugomvi na jirani. Hapo ndipo Fundi, akishuka na amplifaya kubwa kifuani, alipomvaa mwanamke aliyekuwa akipanda na gitaa mgongoni.

"We baba! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani dada. Yako huku nyuma ya hili dude."

Akaiteremsha amplifaya amwone. Jamani! Gauni la kijani limemkaa kiunoni, viatu vya kisigino kavishika mkononi kwa ajili ya ngazi, na ile sauti sasa, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mahali fulani. Fundi alikuwa mtu wa sauti. Sura angeweza kuisahau kesho yake asubuhi.

"Namtafuta fundi wa magitaa," akasema yule mwanamke. "Wameniambia yuko ghorofa ya tatu, na ana majivuno."

"Majivuno yapo. Ndiye mimi."

Kibandani kwake alilifungua begi, akaliinamia. Lilikuwa gitaa la umeme la zamani hasa, rangi yake ya krimu imegeuka njano, na chini ya nyuzi zake zimepangana pikapu tatu, vile visanduku vya sumaku na waya vinavyonasa sauti.

"La baba," mwanamke akasema. "Alilinunua kwa mwenye nalo wa kwanza, miaka ishirini na tano iliyopita, akalipiga kwenye bendi zaidi ya miaka ishirini. Sasa figo zimemchoka, daktari hahesabu tena miaka. Anachotaka ni kimoja tu. Pikapu ya katikati si ya asili, ilibadilishwa. Itoe, umtafutie ya asili, alisikie gitaa lake likiwa zima kabla hajafumba macho."

"Nani aliibadilisha?"

"Kaka yangu. Marehemu." Akaangalia pembeni.

Kazi ya siku nne, mjanja huyu aliivuta wiki tatu. Alianza na shingo iliyopinda, akaenda kwenye kutu, akasafisha na visivyohitaji kusafishwa, pikapu akaziweka mwisho. Sababu anaijua mwenyewe. Mwanamke alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, na kila mchana Fundi alipiga namba ya hospitali kama mtu mwenye dharura.

"Hospitali, habari ya mchana."

"Nina mgonjwa hapa, Opereta."

"Anaumwa nini?"

"Shingo imenyooka, kutu imeisha, lakini hana raha. Anakuulizia."

"Mpe maji alale. Na fundi wake je?"

"Ah, huyo ndiye mahututi kabisa."

Opereta alicheka mpaka simu nyingine mbili zikawa zinalia pembeni yake bila kupokelewa. "Muongo mkubwa wewe! Nikitoka kazini napita."

Na alipita kweli, kila jioni saa kumi na nusu. Alikaa juu ya boksi la spika, akavua viatu, akamtania Fundi kwa shati lake lililotobolewa na matone ya moto ya risasi ya kulehemu, naye Fundi akajibu mapigo. Damu zao ziliendana. Mafundi wa ghorofa nzima walijua, wakawa wanapunguza redio akipita.

Jioni moja alimsimulia habari za kaka yake.

"Alikuwa na vidole vya baba, lakini alikuwa mlevi. Baba alimwazima gitaa miezi miwili, lilivyorudi akasema halilii kama zamani. Akalipeleka duka fulani la mjini likapimwe. Likarudi na karatasi: pikapu ya katikati imebadilishwa. Baba aliisoma ile karatasi mbele ya ukoo mzima. Kaka akaapa, akalia, akapiga magoti. Tukamwona msanii tu, anaigiza. Baba akamfukuza."

"Akaenda wapi?"

"Mbali. Mama alipofariki alikuja, baba akamzuia getini. Mama yake amezikwa yeye amesimama ng'ambo ya barabara, Fundi. Baada ya mwaka nikapokea simu pale pale mezani kwangu. Hospitali ya huko alikokwenda, wana maiti ya mtu aliyeugua kifua peke yake chumbani, mfukoni wamekuta namba ya kazini kwangu." Akafuta macho kwa kiganja. "Unajua mimi nilimwambia nini siku ile ya karatasi? Nilimwambia, kaka, kiri tu yaishe."

Fundi akamshika mkono. Maneno yakamtoka bila kuyapanga. "Nikimaliza kazi hii nakuja kwa mzee kujitambulisha."

"Kwa baba?" Akatabasamu na machozi yake. "Basi njoo na pikapu mkononi. Mahari nyingine hatakudai."

Kesho yake asubuhi Fundi aliamka mwepesi. Alifungua skrubu, akatoa pikapu zote tatu, akaziweka mezani. Kweli ya katikati ilikuwa tofauti: waya wake ulikuwa mwekundu, wa wenzake kahawia iliyoiva, na hata mita ilisoma chini. Mtu yeyote angedanganyika. Ila Fundi wa leo ana desturi yake, akazigeuza zote chali.

Chini ya kila moja palikuwa na tarehe ya kiwandani, imeandikwa kwa penseli. Tarehe ile ile, mkono ule ule. Na ile ya katikati ilikuwa na cha ziada, kipande cha tepu kilichokauka, kimeandikwa kwa kalamu: *Waya umekatika. Imesukwa upya.* Kisha mwezi na mwaka. Fundi akapiga hesabu ya vidole. Ni kabla hata mzee hajalinunua gitaa kwa mwenye nalo wa kwanza. Pikapu ilikuwa ya asili, haijawahi kutoka mahali pake. Kilichobadilishwa ni waya tu, na aliyeubadilisha ni fundi fulani wa zamani.

Akashika simu ampigie Opereta, moyo unamdunda kwa furaha. Kisha akasita. Ngoja kwanza, nimjue huyu mjinga aliyeandika ile karatasi! Akaingiza mkono kwenye mfuko wa begi, akaikuta imekunjwa mara nne, akaikunjua.

Ulikuwa mwandiko wake.

Muhuri wa duka la bosi wake wa zamani, na chini yake maneno aliyoyaandika akiwa kijana: *Pikapu ya katikati si ya asili. Imebadilishwa.* Akakumbuka. Ilikuwa Jumamosi, alikuwa anawahi mpira. Alilegeza kava, akachungulia waya, akapima, akaandika. Hakuigeuza.

Fundi alikaa chini, sakafuni, karatasi mkononi.

Simu iliita mchana ule, akaitazama. Iliita kesho yake, akajitia hamnazo. Siku ya tatu alifungua droo. Ndani mlikuwa na pikapu nyingine ya kiwanda kile kile, ya miaka ile ile. Angeichomea dakika kumi tu. Mzee angefurahi, angekufa na amani, na yeye angeoa. Nani angejua? Aliiwasha pasi ya kulehemu, ikapata moto mpaka ikatoa moshi, akaizima. Alifanya hivyo mara tatu, mtu mzima mwenye ndevu zake.

Siku ya tano Opereta alipanda ngazi na viatu vyake miguuni, kila ghorofa ikamsikia.

"Ni nani huyo?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke! Simu hupokei, salamu hutumi. Kama umenichoka sema, usinifanye mjinga."

"Hakuna mwanamke. Kaa."

"Sikai!"

Basi akamwonyesha amesimama. Alizigeuza pikapu moja moja, akamsomea tarehe, akamsomea tepu. Opereta alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka huo kaka alikuwa darasa la kwanza," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hakuiba."

"Hakuiba kitu."

Akajishika mdomo. "Na ile karatasi? Aliandika nani?"

Hapa Fundi angeweza kusema sijui. "Mimi."

Opereta aliitazama mikono ya Fundi, ile aliyokuwa akiishika kila jioni. "Kuigeuza kunachukua muda gani?"

"Dakika tano."

"Ulikuwa na haraka gani?"

"Mpira."

Akaokota mkoba wake. "Lete gitaa. Utakwenda kumwambia baba kwa mdomo wako."

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu imevimba, shuka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeipata?"

"Ilikuwa humo humo, mzee. Haijawahi kutoka." Na Fundi akasema yote, na jina lake, na Jumamosi yake, hakujitafutia sababu.

"Hiyo tarehe ya kwenye tepu umeisoma vizuri?"

"Nimeisoma."

"Isome tena."

Akaisoma. Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. "Mwaka huo alikuwa hana meno ya mbele," akasema. "Ananiita baba kwa kithembe." Kisha akalisukuma gitaa kwa kidole. "Litoe hapa. Sitaki kulisikia."

Akamgeukia binti yake. Miaka mitatu tangu mauti yale, hajawahi kuuliza neno.

"Kaburi lake liko wapi?"

"Mbali, baba. Safari ya siku nzima."

"Nipeleke."

"Baba, daktari amesema hata mlangoni tu usi..."

"Nakuomba mama, nipeleke."

Opereta alipiga magoti akamkumbatia miguu ile iliyovimba, wakalia wote wawili kwa sauti. Fundi alitoka mwenyewe, hakuna aliyemwambia atoke.

Opereta alimfuata getini baada ya robo saa. Gauni limekunjamana, wanja umemchuruzika, bado mzuri.

"Nisamehe," Fundi akasema.

"Nakupenda, sikufichi. Ningekuwa sikupendi ningekutukana nikapumua." Akamrekebishia kola ya shati kama mke. "Lakini mikono yako siwezi tena kuishika. Usinipigie, hata kazini. Nikiweza, nitakupigia mimi."

"Lini?"

"Sijui. Nenda."

Mzee hakufika kaburini. Alifariki siku kumi na moja baadaye, na Fundi alizisikia habari hizo kwa watu. Imepita miaka minane. Alioa baadaye, mwanamke mwema asiye na makuu, wana watoto wawili. Mkewe humlalamikia kila mara abadilishe ile laini yake ya simu, mtandao wake mbovu, watu hawampati. Fundi humwambia ataibadilisha mwezi ujao.