Daftari la Malalamiko

Siku yangu huanza kwa kujitoboa kidole. Natoa tone la damu, nalipima kwenye kipimo kidogo cha sukari, naandika namba, kisha najichoma sindano ya insulini, ndipo nanywa chai. Wakati huo mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, ameshabeba mkoba wake anaelekea kazini.

"Umepima, mama?" huniuliza akiwa mlangoni.

"Nimepima."

Basi, tumeshaongea mpaka jioni.

Nina miaka kumi na miwili, na kisukari kilinipata nikiwa na miaka tisa. Shuleni wananiita Sindano. Jina lenyewe halinisumbui. Kuna mwenzetu anaitwa Kichwa Maji na bado anakula na kunenepa. Kilichoniuma ni dawati. Siku moja msichana niliyekaa naye aliniambia mama yake amemkataza kukaa karibu nami, eti kisukari kinaambukiza. Akahamia mbele. Baada ya siku mbili yule wa pili naye akamfuata. Nikabaki kwenye dawati la watu watatu peke yangu, kama mheshimiwa fulani. Wakati wa mapumziko nilikuwa naingia stoo ya mifagio kujichoma sindano, na nikitoka nakuta timu zimeshagawanywa. Nilikuwa mpweke sana, na sikumwambia mtu yeyote.

Katika hospitali ninayotibiwa kuna daktari mtafiti, mama mmoja mrefu asiyepaza sauti. Kutibu anatibu, lakini kazi yake hasa ni kutafuta yale ambayo bado hayajulikani vizuri. Siku ya kwanza aliponiita chumbani kwake, alichukua karatasi akanichorea mtu.

"Mwili una askari wake wa kuulinda na magonjwa," alisema. "Kwako walikosea kumtambua adui. Wakaishambulia kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, ndiyo maana unajichoma. Sasa, kwa baadhi ya watoto kama wewe, askari hao hao hawatosheki. Wanaivamia na tezi iliyopo hapa, mbele ya shingo. Nataka kujua ni watoto gani watapatwa na jambo hilo, na dalili ya kwanza huwa ipi."

Alitugawia madaftari watoto sitini. Kila jioni tulijibu maswali yake. Umechoka kuliko kawaida? Unasikia baridi wakati wenzako hawasikii? Nywele zinakatika? Umepata choo? Hilo la mwisho nililijibu huku nimelifunika kwa mkono. Asiye na tatizo alikwenda kliniki mara moja kila miezi mitatu. Aliyejibu "ndiyo" wiki nzima aliitwa kila Alhamisi mchana, apimwe damu na kuchunguzwa.

Kwenye benchi la kliniki ndipo nilipokutana na Dada Shali. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na shali lake la sufu halikumtoka mabegani hata jua likiwaka. Yeye tezi ilikuwa imeshavamiwa kweli. "Nilikuwa nalala darasani," aliniambia. "Nyumbani wananiita mvivu, mwalimu ananiita mvivu, mpaka na mimi nikakubali kwamba ni mvivu. Daftari ndilo lililonitetea. Daktari alisoma majibu yangu, akanipima damu, akaona. Sasa nameza kidonge kila asubuhi, na huu uvivu unaanza kuniaga."

Aliponiuliza habari zangu, nilizungumza mpaka koo likanikauka. Tulionyeshana alama za sindano, tukacheka mpaka muuguzi akatukoholea. Kisha nikaitwa, nikapimwa, nikaambiwa mimi mzima, nirudi baada ya miezi mitatu. Wengine hufurahi wakiambiwa hivyo. Mimi nilitoka pale nikihesabu Alhamisi ambazo Dada Shali angekaa kwenye benchi lile bila mimi.

Jioni ile nilikaa na daftari muda mrefu. Umechoka kuliko kawaida? Sikuwa nimechoka. Nikaandika "ndiyo". Baridi nayo, "ndiyo". Nilijua la kuandika, kwa kuwa Dada Shali alikuwa amenisimulia ugonjwa wake wote, mpaka ngozi yake ilivyokauka. Nikaunakili kama ninavyonakili kazi ya ubaoni.

Wiki mbili baadaye nikaanza kuitwa kila Alhamisi. Zilikuwa siku nzuri. Lakini mama alipoyasoma majibu yangu, uso wake ulibadilika. Alikaa siku mbili akinishonea koti zito la kitambaa cha blanketi. Nililivaa kwenye joto, jasho likanitiririka mgongoni, naye akaniuliza kama baridi imepungua. Nikamwambia imepungua kidogo. Nilijisikia vibaya, lakini Alhamisi ikifika nasahau.

Alhamisi ya nane, Daktari aliniita chumbani akiwa amezungukwa na karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Unajua umenishinda?" Akanigeuzia karatasi moja. "Watoto waliojibu 'ndiyo' wiki kwa wiki ni watatu tu. Mmoja ana ugonjwa wa tezi. Wa pili alikuwa na minyoo. Wewe unalalamika kuliko wote, na damu yako ni safi kila nikiipima. Nimefikiri sana. Nadhani maswali haya yananipoteza njia. Jumatatu napeleka taarifa kwamba tuyaondoe, tubaki na kipimo cha damu mara moja kwa mwaka."

"Na Dada Shali?" nikauliza.

"Yeye ana dawa yake, usihofu."

"Hapana. Namaanisha, kama maswali yasingekuwepo?"

Daktari alihesabu kwa vidole. "Angesubiri kipimo cha mwaka. Miezi tisa zaidi."

Miezi tisa ya kuitwa mvivu! Na huko nje kulikuwa na watoto wengine ambao siwajui, wamelala juu ya madawati, hakuna atakayewauliza kitu. Nikitaja ukweli, Alhamisi zangu zimekwisha. Nikinyamaza, nitaendelea kukaa kwenye benchi na kucheka na mtu ambaye nimewaharibia wenzake. Nikamrudishia karatasi yake.

"Daktari, mimi sijachoka," nikasema. "Wala sisikii baridi. Nimeandika uongo. Ni ugonjwa wa Dada Shali nilionakili."

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alivua miwani, akanitazama, akasema polepole, "Nimekutoa damu mara nane."

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza habari za dawati, stoo ya mifagio, na nyumba isiyo na mtu mpaka jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua daftari langu, akapiga mstari kwenye kila ukurasa wa uongo, akaandika pembeni "si kweli" na kutia sahihi. Miezi yangu miwili ikatolewa kwenye utafiti. Maswali akayabakiza.

Kumweleza mama kulikuwa kugumu zaidi. Alilishika lile koti kwa muda, akalikunja. "Mimi nilikuwa nalala nikiwaza nitakuzika," akasema. Jioni hiyo alinipikia, lakini hakuniuliza chochote. Kesho yake alipoaga mlangoni, alirudi ndani akanikumbatia, akasema kuanzia siku hiyo nikitoka shule niende kwenye kibanda anachoshonea nifanyie kazi zangu pale.

Wiki iliyofuata Daktari alikuja darasani kwetu. Aliwachorea wenzangu wale askari na kongosho, akawaambia kisukari hakimrukii mtu kutoka kwa jirani yake. Kichwa Maji akauliza kama askari wake mwenyewe wanaweza kulala wakati wa mtihani. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Sitadai kwamba nilipata marafiki kumi siku hiyo. Wasichana wawili walinisalimia, na mmoja akaomba aone kipimo kinavyofanya kazi.

Nilimsindikiza Daktari mpaka kwenye gari lake. Nilimwomba tena msamaha.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Lakini sikiliza. Mimi siwezi kuingia ndani ya mwili wako. Nina damu yako na nina neno lako, na vyote viwili navihitaji. Neno lako likiwa la uongo, anayeumia ni mtoto mwingine ambaye wewe na mimi hatumjui. Siku nyingine ukiwa mpweke, sema niko mpweke. Andika hivyo hivyo kwenye daftari. Ukijifanya mgonjwa, tutauhangaikia ugonjwa ambao haupo, na upweke wako utabaki pale pale bila mtu wa kuutibu."

Jioni ile, chini ya maswali yote, niliandika kwa mara ya kwanza kile ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza: niko mpweke.