Chupa ya Pasi Iliyokwenda Bustanini

Wenzangu wenye vibustani nyuma ya nyumba, na ninyi ambao kila mwaka mnasema mtaanza mwakani, wekeni majembe chini kidogo. Nataka kuwapa habari za fundi cherehani mmoja ambaye nusura amvishe mjukuu wake sumu, tena sumu iliyopigwa pasi ikanyooka. Chekeni mkitaka. Yeye mwenyewe siku hizi anacheka. Siku yenyewe hakucheka.

Fundi huyu mtaa mzima ulimwita Robo Inchi. Ukimpelekea suruali ya kupunguza kiuno atakupima, ataandika, atakupima tena, kisha atakutazama kwa shaka na kukuuliza kama umekula. "Maana tumbo lililoshiba," atakwambia, "hunidanganya robo inchi." Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara: cherehani mbili, meza ya kukatia, meza ya pasi, na kando ya pasi chupa ya plastiki yenye kichwa cha kubonyeza, ile ya kunyunyizia nguo maji ili mikunjo ilegee. Ishikeni akilini chupa hiyo.

Nyuma ya nyumba ulikuwa ufalme wa mkewe. Ardhi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini mama yule aliijaza maharage yaliyopanda juu ya kamba, mchicha, nyanya, na mmea wa maboga uliotambaa hadi kwenye karo la kufulia. Kila asubuhi Robo Inchi alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama kwenye maharage kuwatazama wadudu fulani wekundu, wa mviringo, wenye madoa meusi mgongoni. Aliwaita vifungo.

"Leo vifungo wangu ni tisa," husema. "Wakifika kumi na wawili nawashonea kwenye koti."

"Anza kushona mdomo wako," mkewe humjibu, "chai inapoa."

Ndivyo walivyoishi, kwa raha zao, mpaka binti yao alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Mama akafungasha kwenda kukaa naye, mitaa mitatu kutoka pale. Akiwa mlangoni akamgeukia mumewe.

"Bustani unamwagilia asubuhi na jioni, basi. Mchicha na majani ya maboga nataka mwanangu ayale akishajifungua. Usipunguze, usiongeze, usitie kiraka."

"Mimi nina mkono mzuri na mimea."

"Una mkono mzuri na vitambaa. Tubaki hapo hapo."

Siku ya nne Robo Inchi alikuta ncha za maharage zimekuwa nyeusi. Alipoinama akaona si rangi, ni wadudu. Walikuwa vidukari, wadogo kama vichwa vya pini, wamejazana wakifyonza utomvu, na majani yamejikunja kama kola iliyoshonwa na mtu mwenye usingizi. Lakini kilichomtia hofu zaidi ni wengine waliokuwa wakitambaa katikati yao: wakubwa kidogo, warefu, wa kijivu, wenye miiba mgongoni na mabaka ya rangi ya chungwa. Akampigia mkewe simu.

"Mama, tumevamiwa. Kuna weusi wadogo, na kuna mamba."

"Mamba?"

"Mamba wadogo. Wana miiba."

"Hao weusi ni vidukari, kila mwaka huja. Waache wiki moja tu, wataliwa."

"Wataliwa na nani? Ninavyoona mimi, tunaoliwa ni sisi!"

"Baba, nimesema subiri. Binti yako mgongo unamuuma, mimi sina nafasi ya mamba." Akakata simu.

Kama angeishia hapo, nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini saa hiyo hiyo mchuuzi mmoja alikuwa akipita barabarani na begi begani, anapaza sauti: "Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Dawa ya mbu!"

"Na ya mboga je?" Robo Inchi akamuuliza dirishani.

"Hiyo hiyo, mzee wangu. Mdudu ni mdudu."

Akamtolea chupa iliyowahi kuwa ya maji ya kunywa. Haikuwa na karatasi wala herufi moja, na ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa.

"Nachanganya kiasi gani?"

"Kizibo kimoja. Ukiwa na hasira sana, viwili."

Robo Inchi alikuwa na hasira sana. Akatia vitatu.

Hebu tazameni, ndugu zangu! Mtu anayeipima kola mara tatu kabla ya kugusa mkasi, sumu aliipima kwa hasira. Na kwa kuwa hakuwa na bomba la kupulizia dawa, alichukua kilichokuwa karibu: chupa ya pasi. Akaenda nayo bustanini kifua wazi, pua wazi, akapuliza juu ya majani, chini ya majani, ndani ya maua, na mchicha nao akaupa chake ili usione wivu.

Kazi ilionekana haraka. Vidukari wakakauka. Wale mamba wakajikunja wakadondoka. Nyuki wawili waliokuwa ndani ya maua ya maboga wakaanguka wakizunguka mchangani. Na vifungo tisa wakalala chali, miguu juu, mmoja baada ya mwingine. Hapo moyo ulimchoma kidogo.

"Nisameheni, vifungo wangu," alisema. "Ningewatoa kwanza, lakini hamkuniambia mtakaa wapi."

Kabla hajafikiria zaidi, sauti ikaita mbele ya nyumba: "Hodi, fundi! Koti langu!" Ilikuwa sauti ya Bibi Shamba, afisa kilimo wa eneo lile. Robo Inchi akaingia na chupa mkononi huku akijiambia ataiosha baadaye, na mkono wake ukaiweka mahali ulipoizoea kwa miaka ishirini: kando ya pasi.

"Mbona unanuka dawa?" Bibi Shamba akauliza huku akivaa koti.

"Nimefanya usafi bustanini. Nimefukuza mamba."

"Umetumia dawa gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe si jina, fundi. Imeandikwaje?"

Swali hilo halikujibiwa, maana simu ililia. Alikuwa mkewe, anahema: uchungu umemshika binti, wako wodi ya wazazi, zile nguo za mtoto ziletwe haraka. Robo Inchi alimtoa Bibi Shamba nje na koti lisilo na mkono mmoja, akaanza kuzunguka chumbani kama pia. Nguo zilikuwa tayari, vigauni vitatu, kofia na shuka ndogo, amezishona mwenyewe kwa pamba laini. Ilibaki kuzipiga pasi tu. Mjukuu wa Robo Inchi avae mikunjo? Haiwezekani! Akashika chupa, akanyunyiza, akapiga pasi. Akanyunyiza tena. Mvuke ukapanda ukamwingia puani, naye akadhani ni harufu ya bustani iliyomganda. Macho yalimtoka machozi, akasema ni furaha.

Dada yake mdogo, shangazi mtu mwenye ulimi wa wembe, akaja kuchukua furushi.

"Umelia, kaka?"

"Nenda, wewe! Mtoto akizaliwa kabla hujafika, asubiri uchi?"

Shangazi akaondoka. Robo Inchi akaona naye ajiandae kwenda, akatandika suruali yake mezani. Kichwa kilikuwa kinamgonga na mate yamejaa mdomoni. Akainua chupa mbele ya dirisha, na mwanga ukapita ndani yake.

Maji yalikuwa meupe.

Akaitua chupa mezani haraka. Alimpigia dada yake, simu ikalia juu ya meza ya kukatia, chini ya mabaki ya kitambaa, alikoisahau. Akampigia mkewe, imezimwa. Basi Robo Inchi, mtu aliyekuwa akitembea kama anayepima barabara, siku ile alichomoka mbio. Futi ya kupimia ikipepea shingoni, kandambili moja ikabaki kwenye mtaro, hakugeuka. Njia nzima alikuwa anaona kigauni kimoja tu, kile cha njano, kinapita juu ya kichwa cha mtoto asiye na hata saa moja duniani.

Alipokaribia hospitali pumzi haikumtosha kusema. Lakini kabla hajaona geti, alisikia mtu anagombana.

"Nimekwambia mimi ni shangazi yake!"

"Na mimi nimekwambia saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi," mlinzi wa geti alijibu kwa utulivu. "Shangazi, mjomba, hata mtoto mwenyewe akiwa nje atasubiri saa kumi."

"Una roho ya kutu wewe! Nusu saa nimekaa kwenye benchi lako!"

Furushi lilikuwa mapajani mwake. Halijafunguliwa bado.

Robo Inchi alilinyakua, akalitupa chini, kisha akamkumbatia mlinzi yule kwa nguvu hadi kofia ikamwanguka. Mlinzi, ambaye hajawahi kukumbatiwa kazini, alibaki mikono juu.

"Mzee, hata ukinibusu ni saa kumi."

"Usifungue!" Robo Inchi alisema huku akilia waziwazi. "Ndugu yangu, usifungue hata kidogo!"

Muuguzi alipoitwa na kusikia mkasa, hakucheka. Aliamuru shangazi aoshe mikono na mapaja kwa maji mengi na sabuni, na Robo Inchi avue shati, aoge, kisha akae chini ya uangalizi mpaka daktari amwone, kwa kuwa mvuke ule aliuvuta yeye. Nguo zikafungwa kwenye mfuko wa kutupwa.

"Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba," alisema. "Sumu hupita ndani upesi. Hapa tungekuwa na maneno mengine kabisa."

Mkewe alimkuta kitandani amevaa shuka la hospitali, kandambili moja tu chini ya kitanda. Alisimama, akasikiliza yote hadi kizibo cha tatu.

"Nilisema umwagilie," alisema mwishowe.

"Ulisema."

"Mtoto wa kike. Mzima. Amevikwa khanga yangu." Kisha akakaa kando yake, akamshika mkono.

Msidhani bustani ilisamehe haraka hivyo. Baada ya wiki mbili vidukari walirudi mara mbili ya mwanzo, na mara hii hapakuwa na wa kuwala. Maua ya maboga yalifunguka, yakafunga, yakadondoka bila kuacha boga hata moja, maana nyuki walikuwa wamepahama. Mchicha wote uling'olewa ukatupwa. Binti, aliyekuja kupumzika kwa wazazi wake baada ya kujifungua, alikula mboga za kununua sokoni, na kila akila mamaye alimtazama fundi kwa jicho la pembeni.

Bibi Shamba alipofuata mkono wa koti lake, Robo Inchi mwenyewe ndiye aliyemvuta hadi nyuma ya nyumba na kumweleza yote. Alipofika kwa wale mamba, Bibi Shamba akashika kiuno.

"Wenye miiba na mabaka ya chungwa? Fundi, hao ni watoto wa vifungo wako!"

"Wale? Vifungo wangu ni wazuri!"

"Wazuri wakishakua. Wanapokuwa wadogo sura yao ndiyo hiyo, na ndipo wanapokula vidukari kuliko hata wazazi wao. Ulikuwa na walinzi, ukawaua ukiwaita wezi. Vidukari huzaana upesi kuliko walinzi wao, ndiyo maana wametangulia kurudi."

Robo Inchi akakaa juu ya karo la kufulia kama mtu aliyekata kitambaa cha harusi upande usio wake.

Bibi Shamba aliondoka na ile chupa ya sumu na ile ya pasi, ili azipeleke ofisini kwao zinakokusanywa dawa mbovu, zisimwagwe mtaroni. Kwa wenye nyumba aliacha kazi: vidukari waangushwe kila asubuhi kwa maji na vidole, ncha zilizojaa zikatwe, na giligilani iachwe itoe maua pembeni ili walinzi wapate sababu ya kurudi. Maua ya maboga wayachavushe wenyewe. Hapo vidole vya fundi vilipata heshima yake: alichuma ua dume, akalipangusa taratibu ndani ya ua jike, kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Boga la kwanza likashika. Halafu la pili.

Mtoto alikuwa na siku arobaini na kitu asubuhi ile Robo Inchi alipopiga ukelele bustanini. Mkewe na binti yake, mtoto kifuani, wakatoka mbio wakidhani amekanyaga nyoka. Walimkuta amepiga magoti mbele ya maharage.

"Mamba!" alinong'ona. "Mamba watatu! Msikohoe, mtawatisha!"

Kiumbe kimoja cha kijivu kilikuwa kimemshika kidukari na kumla kwa starehe. Binti akainama akatazama, kisha akafunua uso wa mtoto, uliokunjamana kwa sababu jua lilimwingia machoni.

"Na huyu je, baba? Mtazame vizuri. Mikunjo anayo, nywele zimesimama, anapiga kelele usiku kucha. Usije ukampulizia."

Robo Inchi alimpokea mjukuu wake, akamnyooshea mkunjo wa paji la uso kwa kidole gumba, taratibu, bila maji wala pasi.

"Huyu nampima mwenyewe," alisema. "Mara tatu."

MAFUNZO

Ndugu zangu, mdudu si adui mpaka umjue ni nani na anakula nini. Jani likikunjika, inama utazame siku mbili tatu, muulize anayejua, na anayejua akisema subiri, subiri. Dawa isiyo na jina, maelezo wala kipimo isiingie nyumbani kwenu, hata muuzaji awe na maneno matamu namna gani. Ile inayoruhusiwa itumieni kama ilivyoandikwa, mkiwa mmejifunika, na chombo chake kisifanye kazi nyingine yoyote, wala kisikae karibu na chakula, maji au nguo. Robo Inchi aliokolewa na mlinzi mkaidi wa geti. Wewe na mimi hatujui kama mlinzi wetu siku hiyo atakuwa zamuni.